Mkono Hukumbuka: Akiolojia ya Majaribio na Nafasi ya Umma katika Historia ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hii ingali vinywani mwa Waswahili, na maana yake ya jumla haina utata. Aliyelelewa ndani ya ufundi hakosi kuujua walau upande mmoja wa ufundi huo. Hata hivyo, mwanafunzi wa leo akitakiwa kuvieleza vitenzi viwili vilivyomo, huenda akasita. Kusana ni kufua chuma. Kitenzi hiki hakihusiani na neno ‘sana’ litumikalo kuzidisha maana, wala si lazima kihusishwe na ‘sanaa’ iliyotoka katika Kiarabu. Kuvukuta ni kuupuliza moto kwa mivukuto, kazi ambayo katika karakana ya zamani aliachiwa kijana asiyekabidhiwa bado nyundo. Methali, basi, imehifadhi mgawanyo wa kazi, ngazi za mafunzo na sauti ya karakana ambayo katika sehemu nyingi moto wake umekwisha zimika.

Mfano huu mdogo unaibua suala linalowahusu wanahistoria na wanaisimu kwa pamoja. Maarifa mengi ya wahenga wa Afrika Mashariki hayakuandikwa, na mengine hayakusemwa hata kwa mdomo. Yalikaa katika mkono, katika jicho lililozoea kupima rangi ya moto, na katika sikio lililojua mlio wa kamba iliyokazwa barabara. Maarifa ya namna hiyo yanapokoma kutendwa, masimulizi na maneno hubaki kama ganda. Je, yaweza kurejeshwa? Na yakirejeshwa, ni mali ya nani, na yanamfaa nani?

Mhadhara huu unalichunguza suala hilo kwa kuangalia akiolojia ya majaribio, yaani utafiti wa kale unaofanywa kwa kukitengeneza upya kitu au kuirudia kazi ya zamani. Hoja yake kuu ni kwamba majaribio haya huwa na thamani kubwa zaidi pale umma unaposhiriki kama mwenye ujuzi, si kama mtazamaji tu. Mifano miwili itatumika: uyeyushaji wa chuma huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, na ujenzi wa vyombo vya baharini vilivyoshonwa kwa kamba katika Bahari ya Hindi.

Dhana na mipaka yake

Mwanaakiolojia wa kawaida huanza na mabaki na kurudi nyuma kuelekea kwenye tendo: kutoka kwenye kigae hadi kwenye chungu, na kutoka kwenye chungu hadi kwa mfinyanzi. Mtafiti wa majaribio huipita njia hiyo kinyumenyume. Huanza na tendo, akatumia malighafi na zana zinazokubaliana na wakati unaohusika, kisha akayalinganisha mabaki ya jaribio lake na yale yaliyofukuliwa. Mabaki hayo mawili yakifanana, dhana yake hupata nguvu. Yakitofautiana, hulazimika kuirekebisha au kuiacha.

Huko Ulaya mbinu hii ilipata makao ya kudumu katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mwaka 1964 Hans-Ole Hansen alianzisha kituo cha Lejre nchini Denmark, ambako nyumba za Zama za Chuma zilijengwa upya, na moja ikachomwa moto kwa makusudi ili majivu yake yalinganishwe na mabaki ya nyumba za kale zilizoungua. Mwaka 1972 shamba la Butser lilianzishwa kusini mwa Uingereza, ambako Peter Reynolds alichunguza kilimo cha kale kwa kulima, kuvuna na kuhifadhi nafaka msimu baada ya msimu. Mwaka 1973 John Coles alichapisha kitabu kilichosaidia kuipa mbinu hii kanuni za kisayansi. Lejre na Butser zilipokea wageni, wakiwamo watoto wa shule, na tangu hapo swali la umma halikutengana tena na swali la sayansi.

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni jaribio, ambalo lina swali mahususi, vipimo na kumbukumbu za maandishi. La pili ni onyesho, ambalo humwonyesha mtazamaji jambo ambalo tayari linajulikana. La tatu ni igizo, ambalo humpa mshiriki hisia ya maisha ya zamani bila kudai kuthibitisha lolote. Yote matatu yana nafasi yake katika elimu. Hatari hutokea igizo linapovikwa vazi la jaribio, kwa kuwa mtazamaji huondoka akiamini kwamba ameyaona ya kale yenyewe, ilhali ameona makisio ya watu wa leo.

Mpaka mwingine ni huu: jaribio huweza kuonyesha kwamba jambo liliwezekana, lakini peke yake haliwezi kuonyesha kwamba jambo hilo lilitokea. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwei alisafiri kwa chelezo kilichoitwa Kon-Tiki kutoka Peru hadi visiwa vya Tuamotu kwa siku 101. Safari hiyo ilionyesha kwamba chelezo cha magogo chaweza kuivuka bahari ile. Haikuthibitisha nadharia yake kwamba Polinesia ilikaliwa kwanza na watu waliotoka Amerika. Ushahidi wa lugha, wa akiolojia na wa nasaba umeonyesha kwamba Wapolinesia walitoka upande wa magharibi, yaani Asia. Kinyume chake, mwaka 1976 mtumbwi pacha uitwao Hōkūleʻa ulisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti bila vyombo vya kisasa vya kuongozea, ukiongozwa na Mau Piailug, baharia wa Mikronesia aliyerithi elimu ya nyota na mawimbi kutoka kwa wazee wake. Tofauti ya safari hizi mbili haikuwa katika ushujaa wa mabaharia. Ya pili ilimtegemea mwenye elimu iliyo hai, na ikawarudishia watu wa Hawaii ari ya kujifunza ubaharia wao wenyewe.

Tanuri la Buhaya

Katika mwaka huohuo wa 1976, wazee wa Buhaya nchini Tanzania walianza kujenga matanuri ya chuma. Wahaya walikuwa wameacha kuyeyusha chuma katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, pale majembe na vyuma vilivyotoka ng’ambo vilipoifanya kazi hiyo isilipe. Waliosalia walikuwa wazee ambao ujanani mwao waliifanya kazi ile au waliwasaidia baba zao. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyekuwa akifanya utafiti Buhaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na mtaalamu wa metali Donald Avery, waliwaomba wazee hao waifanye tena kazi hiyo.

Utafiti huo haukuzuka ghafla. Ulikuwa umetanguliwa na uchunguzi wa mapokeo ya mdomo huko Katuruka, karibu na Maruku, mahali palipokuwa na mti mkubwa wa matambiko ulioitwa Kaiija. Jina lenyewe linahusishwa na ufuaji wa chuma, na mapokeo yanamtaja mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma ulioelekezwa mbinguni. Wazee waliwaonyesha watafiti mahali palipotajwa na masimulizi. Ufukuaji ulipofanyika, mabaki ya kazi ya chuma yalipatikana, na upimaji wa kaboni-14 ukaonyesha kwamba yalikuwa ya kale mno kuliko enzi ya mfalme huyo. Masimulizi yalikuwa yameihifadhi kumbukumbu ya mahali, huku yakiliunganisha na jina la mtawala wa baadaye. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hili ni somo kubwa: mapokeo yaweza kukosea katika kupanga nyakati na bado yakawa shahidi mwaminifu wa mahali na wa kazi.

Wazee walipoanza kazi ya tanuri, haikuwanyookea mara moja. Ulikuwa umepita muda wa nusu karne au zaidi tangu mikono yao ishike udongo wa tanuri. Iliwabidi wajaribu, wabishane, wabomoe na kujenga tena. Shimo lilichimbwa na kutandikwa majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Juu yake ukajengwa ukuta wenye umbo la pia, kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu, ambao hustahimili joto. Mirija ya udongo iliingizwa hadi ndani ya tanuri, na nyuma ya kila mrija wakakaa wavukutaji. Makaa na mtapo, yaani mawe yenye chuma, vilimiminwa kwa zamu. Mwishowe lilitoka bonge la chuma lililochanganyika na taka, ambalo lilipaswa kupashwa moto na kupondwa tena kabla ya kufuliwa kuwa jembe au mkuki.

Kazi hii haikuwa ya ufundi mtupu. Wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi. Tanuri lilifikiriwa kuwa mwanamke, na chuma kuwa mtoto anayezaliwa. Ziliimbwa nyimbo na kufuatwa miiko. Mtaalamu wa metali asingeyaona hayo katika mavi ya chuma yaliyofukuliwa, na mfukuaji asingeyadhania. Yalijitokeza kwa sababu kazi ilitendwa na wenyewe. Filamu iitwayo The Tree of Iron, iliyotolewa mwaka 1988, iliyahifadhi mengi kati ya hayo.

Matokeo ya kisayansi yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Septemba 1978. Schmidt na Avery walidai kwamba hewa iliyopita katika mirija iliyo ndani ya tanuri ilipata joto kabla ya kuufikia moto, na kwamba kwa njia hiyo kiini cha tanuri kilipata nyuzijoto zilizoripotiwa kupita 1,800. Walidai pia kwamba vipande vya mirija na matanuri vilivyofukuliwa magharibi ya Ziwa Viktoria vilionyesha kuwa mbinu kama hiyo ilitumika huko kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Habari hizi zilipokelewa kwa msisimko mkubwa, kwani zilivunja dhana ya kikoloni kwamba Afrika haikuwa na ugunduzi wa kiufundi ulio wake.

Msisimko huo ulifuatwa na mjadala. J. E. Rehder mwaka 1986 na David Killick mwaka 1996, miongoni mwa wengine, walihoji kama hewa ilipashwa moto kwa kiwango kilichodaiwa na kama mbinu ile iliwazidi wayeyushaji wa kwingineko. Schmidt aliendelea kuitetea hoja yake katika maandishi yaliyofuata. Si kazi ya mhadhara huu kuamua kesi hiyo. La muhimu ni kuona mahali hasa palipo na ubishi. Hakuna aliyekana kwamba wazee wa Buhaya walitoa chuma kutoka kwenye mawe kwa mikono yao. Ubishi uko katika hatua mbili: jinsi ya kupima kilichotokea ndani ya tanuri, na jinsi ya kulivusha tendo la mwaka 1976 hadi karne za mwanzo baada ya Kristo. Jaribio ni daraja lenye nguzo mbili, moja ikiwa kwenye tendo la leo na nyingine kwenye mabaki ya kale. Umma una haki ya kuelezwa kuhusu nguzo zote mbili. Heshima ya wazee wale haihitaji kutiwa chumvi. Kile walichokifanya mbele ya mashahidi chatosha.

Mtepe na bahari ya vyombo vilivyoshonwa

Mfano wa pili unatoka pwani. Kitabu cha Periplus cha karne ya 1 B.K., kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, na kinalieleza jina hilo kwa mashua zilizoshonwa zilizokuwako huko. Mwezi Machi 1498, Wareno wa msafara wa Vasco da Gama waliona katika kisiwa cha Msumbiji vyombo vikubwa ambavyo mbao zake zilishikanishwa kwa kamba bila misumari. Kati ya taarifa hizo mbili kuna zaidi ya miaka elfu moja.

Mrithi wa mwisho wa mapokeo hayo katika pwani ya Waswahili alikuwa mtepe wa visiwa vya Lamu. Mbao zake zilitobolewa matundu na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa miyaa. Omo yake ilichongwa, na ilisemwa kwamba umbo lake ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Kwa kuwa haukuwa mgumu kama chombo cha misumari, mtepe ulijipinda katika mawimbi na kustahimili kukwama mchangani, sifa iliyoufaa sana katika pwani ya maji kupwa na maji kujaa. Ulibeba boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Mombasa na Unguja. Lakini ulivuja, ukadai kufutwa maji ngamani bila kukoma, na kamba zake zililazimu kushonwa upya mara kwa mara. Jahazi la misumari likaushinda, na ilipofika katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka baharini. James Hornell aliuandikia makala mwaka 1941, na A. H. J. Prins akaendelea kuuchunguza katika miongo iliyofuata. Kilichobaki kikawa vielelezo vidogo katika majumba ya makumbusho, picha chache na kumbukumbu za wazee.

Upande wa pili wa bahari, swali lilijibiwa kwa kujenga. Mwaka 1980 Tim Severin, kwa msaada wa serikali ya Omani, alijenga huko Sur jahazi la kushonwa lililoitwa Sohar. Tatizo lilijitokeza mapema: Omani, iliyokuwa na sifa ya vyombo hivyo tangu kale, haikuwa tena na mafundi wa kutosha wa kushona chombo kikubwa. Washonaji ilibidi waitwe kutoka visiwa vya Lakshadweep vya India, ambako ufundi huo ulikuwa hai bado. Sohar iliondoka Omani mwezi Novemba 1980 na kufika Guangzhou, China, mwezi Julai 1981. Baadaye, chombo kingine kilichoitwa Jewel of Muscat kilijengwa huko Qantab kwa kuyafuata mabaki ya merikebu ya karne ya 9 iliyogunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998. Chombo hicho kiling’oa nanga mwezi Februari 2010 na kuwasili Singapore mwezi Julai mwaka huohuo. Sohar ilijengwa kwa kutegemea maandishi, michoro na ujuzi wa mafundi. Jewel of Muscat iliongezewa ushahidi wa mbao zenyewe zilizofukuliwa baharini. Kwa kigezo kilichotajwa hapo juu, nguzo ya pili ya daraja lake ilikuwa imara zaidi.

Zanzibar nayo ilijenga mtepe wake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chombo hicho kilipewa jina la Shungwaya, jina lenye uzito mkubwa katika masimulizi ya asili ya watu wengi wa pwani, na kikawekwa katika ua wa ndani wa Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Watoto wa shule waliouona mtepe kwa jina tu katika vitabu waliweza kusimama chini ya ubavu wake na kuzihesabu kamba zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba huo unakumbusha ukweli mchungu kuhusu uhifadhi. Nyumba ya mawe yaweza kuanguka katika siku moja, pamoja na vyote ilivyovikinga. Kinachoweza kunusurika ni ujuzi wa mikono iliyojenga, iwapo mikono hiyo imefundisha mikono mingine.

Na hapa lipo jambo ambalo waandishi wa vyombo vya baharini hulipita haraka. Chombo cha kushonwa hakianzi kwa seremala. Huanza kwa makumbi yaliyofukiwa katika tope la pwani kwa miezi kadhaa hadi yaoze, yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo hadi usumba ukatengana na uchafu, kisha yakasokotwa kuwa kamba. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kazi hii imeendelea kufanywa na wanawake hata baada ya mtepe kutoweka. Jaribio lolote la kweli la mtepe halina budi kuanzia kwao: ni kamba kiasi gani anayoweza kuisokota mtu mmoja kwa siku, ni makumbi mangapi yanayohitajika, na ni watu wangapi wanaoshughulika ufukweni kwa kila fundi mmoja aliye kwenye mkuku? Maswali hayo yanaugeuza mtepe kutoka kuwa sifa ya nahodha na seremala na kuufanya kazi ya jamii nzima.

Umma kama mwenye ujuzi

Mifano hii inaonyesha kwamba neno ‘umma’ lina maana zaidi ya moja. Wapo watazamaji wanaokuja kuona. Wapo wanafunzi wanaokuja kushika. Na wapo wenyewe, yaani watu ambao kazi inayojaribiwa ilikuwa ya babu na bibi zao. Taasisi nyingi zimewahudumia watazamaji vizuri. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kiliwapa wakazi wa jiji fursa ya kuziona nyumba za jamii mbalimbali za Tanzania zikiwa zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi. Hiyo ni huduma ya heshima. Lakini kundi la tatu huhitaji zaidi ya huduma. Linahitaji kusikilizwa wakati swali lenyewe linapoundwa.

Katuruka imetoa mfano. Buhaya ilipigwa vibaya na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ulikata mnyororo wa kurithishana habari: walikufa watu wa umri wa kati, ambao ndio waliopaswa kupokea kutoka kwa wazee na kuwapa vijana. Mti wa Kaiija wenyewe haukudumu. Ilipofika mwaka 2008, wanakijiji walianza kwa hiari yao kuyakusanya masimulizi yao na kuihuisha sehemu ile, wakamwita Schmidt ashirikiane nao. Miaka 40 kabla yake mtafiti ndiye aliyewatafuta wazee. Safari hii wazee ndio waliomtafuta mtafiti. Nyumba ya msonge inayohusishwa na mfalme ilijengwa upya kwa ajili ya wenyeji na wageni. Hapakuwa tena na jaribio la kupima nyuzijoto, bali jitihada ya jamii kuishika historia yake kabla haijatoka mkononi.

Kutokana na uzoefu huo yaweza kutajwa masharti machache. Kwanza, wanaotoa ujuzi watajwe kuwa ni wataalamu na walipwe hivyo, kwa sababu mvukutaji anayejua kusoma rangi ya moto si kibarua wa mtafiti. Pili, mambo yaliyofungwa na miiko yaamuliwe na wenyewe kama yataonyeshwa hadharani au la. Si kila kinachoweza kurekodiwa kinastahili kurekodiwa. Tatu, jaribio lililoshindikana liripotiwe kama lile lililofanikiwa. Tanuri lililokataa kutoa chuma humfundisha mtazamaji ugumu wa kazi kuliko maelezo ya kurasa kumi, na humwondolea dhana kwamba wahenga walifanya mambo mepesi. Nne, matokeo yarudi kwa wenye nayo katika lugha wanayoisoma. Makala ya mwaka 1978 iliwaarifu wasomi wa dunia nzima, lakini ilichapishwa kwa lugha ambayo wengi wa waliokaa nyuma ya mivukuto hawakuisoma.

Lugha kama mabaki na kama zana

Sharti la mwisho linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Jaribio la kiakiolojia huzaa data za lugha ambazo mahojiano ya kawaida hayazizai. Mzee akiulizwa barazani aeleze sehemu za chombo, atataja mkuku, mataruma, mlingoti na foromali, kisha atanyamaza. Akiwa na kamba mkononi na ubao mbele yake, atataja pia namna ya kukaza, aina ya fundo, kosa la mwanafunzi, na neno la kumsahihisha. Vitenzi hurudi pamoja na kazi. Kamusi nyingi za Kiswahili ni tajiri wa nomino za vyombo na maskini wa vitenzi vya ufundi, kwa kuwa wakusanyaji wake wengi waliuliza ‘hiki ni nini?’ zaidi ya ‘unafanya nini sasa?’

Pia jaribio hulisahihisha neno. Kwa desturi husemwa kwamba wahenga waliyeyusha chuma. Katika tanuri la aina hii, kwa kawaida kinachoyeyuka na kutiririka ni taka za mawe. Chuma chenyewe hujikusanya kikiwa bonge bila kuwa maji kama ya dhahabu au risasi iliyosubiwa. Msemo ‘kuyeyusha chuma’ utaendelea kutumika, na si lazima ufutwe, lakini mwanafunzi aliyeliona tanuri likifunguliwa atausema akijua mipaka yake. Vivyo hivyo, aliyewahi kuvukuta kwa saa nzima hataiona tena methali ya mwana wa mhunzi kuwa ni dharau kwa asiyejua kufua. Ataelewa kwamba bila mvukutaji hakuna chuma, na kwamba kuvukuta ni mlango wa kusana.

Hitimisho

Akiolojia ya majaribio haiwezi kuyafufua ya kale. Mzee wa Buhaya wa mwaka 1976 hakuwa mhunzi wa karne ya 3, na mtepe wa Beit al-Ajaib haukuwa mashua ya Rhapta. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kiini macho. Pamoja na hayo, mbinu hii huweza kufanya mambo matatu ambayo maandishi hayawezi: hupima dhana kwa kazi, huyaita maneno yaliyolala, na huwaweka wenye ujuzi mbele ya wasomi wakiwa walimu.

Jambo hilo la tatu ndilo lisilongoja. Mabaki yaliyo chini ya ardhi yanaweza kusubiri mfukuaji kwa karne nyingine. Wazee hawawezi. Majaribio ya Buhaya yaliwezekana kwa sababu walikuwako bado watu walioyagusa makaa yale ujanani. Lau watafiti wangechelewa kwa miaka 20, wangekuta mavi ya chuma na masimulizi tu. Huko pwani wapo hadi leo wanaofukia makumbi na kusokota kamba, wanaoijua deheni ya chokaa na shahamu, na wanaosuka miyaa. Kwa idara za historia na za Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kuwaendea watu hao pamoja, mmoja akiwa na kipimo na mwingine akiwa na daftari la maneno, na wote wawili wakiwa tayari kuvukuta kabla ya kudai kwamba wanajua kusana.